Shabiki Mwenye Mkasi Asichekwe

Katika kila mji ambamo gazeti husomwa na muziki husikilizwa, hakosekani mtu mmoja anayechekwa kwa sababu ya mkasi wake. Gazeti likimfikia mkononi, halisomi kama walisomavyo wenzake. Hulipekua ukurasa kwa ukurasa akitafuta jina moja tu, jina la mwanamuziki ampendaye, na akiliona hulikata, hulibandika katika daftari, kisha huandika tarehe pembeni. Miaka ikipita madaftari huwa kumi, huwa ishirini. Juu yake huongezeka tiketi za maonyesho, beji, picha za ukutani, na sahani za santuri zenye majalada yaliyopauka. Watu wa nyumbani hulalamika kwamba kabati limejaa, na majirani hunong'ona. Na wasomi, ambao ndio waliostahiki kumwelewa, humpa jina la kumfedhehesha: mtoto aliyekataa kukua.

Kejeli hii ni ya zamani na imeshaota mizizi, wala haifai kuachwa hivi hivi. Mashtaka anayoshtakiwa shabiki huyu ni matatu. La kwanza, kwamba kazi yake ni ya kitoto. La pili, kwamba anachokiweka ni takataka. La tatu, na ndilo zito kuliko yote mbele ya watu wa Pwani, kwamba anamwabudu mwanadamu mwenziwe. Mashtaka yote matatu hayana msingi. Na yeyote anayeyatamka katika visiwa hivi, ambamo karatasi za washairi zimekuwa chakula cha mchwa, anajihukumu mwenyewe kabla ya kumhukumu mwengine.

Mfano haupo mbali. Tarehe 5 Septemba 1946 alizaliwa Zanzibar mtoto wa Kiparsi aliyepewa jina la Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni katika Mahkama Kuu. Mtoto alipelekwa India, katika skuli ya bweni ya St. Peter's huko Panchgani, na huko ndiko alikopiga piano katika bendi ya wanafunzi. Alirudi Unguja mwaka 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, aila yake ilihamia Feltham, pembezoni mwa London. Mwaka 1970 likaanzishwa kundi la muziki wa roki la Queen, na ulimwengu ukamjua kijana huyo kwa jina la Freddie Mercury. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na umri wa miaka 45, siku moja baada ya kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI.

Hayo yanajulikana dunia nzima. Lisiloangaliwa ni nani aliyeyaweka. Maktaba za vyuo, katika miaka ya 1970, hazikuwa na hamu kubwa ya kuweka khabari za waimba roki waliovaa suti za kubana na kupaka wanja. Wenye magazeti walichapa leo wakasahau kesho. Walioweka ni vijana wa kawaida wenye mkasi na gundi. Huko Japani, Queen walipotua Tokyo mwezi wa Aprili 1975, maelfu ya mashabiki waliwangoja katika uwanja wa ndege wa Haneda, na wengi wao walikuwa wasichana waliokwisha kuwajua kupitia kurasa za jarida la Music Life. Jarida hilo liliandika juu ya Queen kwa bidii wakati ambapo wakosoaji wengi wa Uingereza walikuwa wakiwabeua. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua kundi hilo lilipokewaje mwanzoni mwake, kasha la msichana wa Tokyo litamfaa kuliko kabati la profesa.

Sasa shtaka la utoto. Wanaolitoa hawamjui hata huyo wanayemcheka kwa kupendwa kwake. Farrokh Bulsara mwenyewe alikuwa mkusanyaji tangu udogo wake. Alipokuwa mtoto alikusanya stempu, akazibandika katika albamu kwa mpangilio wenye ulinganifu, jicho la msanii likionekana kabla ya mkono wa msanii kukomaa. Stempu za Zanzibar zimo humo. Baada ya kifo chake albamu hiyo ilipigwa mnada, ikanunuliwa na makumbusho ya posta ya Uingereza, nayo imehifadhiwa London. Alipokuwa mwanafunzi wa uchoraji katika chuo cha Ealing, ambako alimaliza mwaka 1969, alikuwa shabiki wa kupindukia wa Jimi Hendrix, akimchora tena na tena. Yaani huyo ambaye picha zake zilikuja kubandikwa katika kuta za vyumba vya dunia nzima, kwanza alikuwa kijana wa kuchora na kubandika picha za mwengine.

Hapo pana funzo ambalo mshairi yeyote wa Pwani angelitambua mara moja. Hakuna msanii asiyeanza kwa kupenda. Mwanafunzi wa ushairi hunakili tungo za waliomtangulia mpaka vina vikamkaa ulimini na mizani ikamkaa sikioni. Ndipo siku moja akatunga lake. Kunakili ni kupenda kwa mkono. Na anayekata gazeti na kulibandika naye anafanya hayo hayo. Si kila akataye atakuwa msanii, kama ambavyo si kila anakiliye atakuwa Muyaka; lakini anayelicheka penzi hili kwa kuliita la kitoto anakicheka chanzo cha sanaa yenyewe.

Shtaka la takataka ndilo jepesi kulijibu, ijapokuwa ndilo linalotamkwa kwa sauti kubwa kuliko yote. Karatasi gani ni takataka, na nani anayejua siku ile karatasi inapotupwa? Freddie Mercury aliandika rasimu za wimbo wake mashuhuri kuliko zote, “Bohemian Rhapsody” uliotoka mwaka 1975, juu ya karatasi za kampuni ya ndege ya British Midland. Zilikuwa karatasi za bure, zenye chapa ya kampuni, kama zile ambazo kila ofisi huzigawa na kila nyumba huzitupa. Zilipotolewa hadharani mwaka 2023, ikaonekana kwamba wimbo huo ulikusudiwa kwanza kuitwa “Mongolian Rhapsody,” kisha neno la mwanzo likapigwa mstari. Kwa karibu nusu karne watu waliuimba wimbo huo bila ya kulijua hilo. Lau mtumishi mmoja angesafisha meza siku moja, lisingejulikana milele.

Vipande vya magazeti navyo ni hivyo hivyo, bali vina faida moja zaidi: vinamkumbusha mwenye gazeti aliyoyasema. Mwaka 1977 jarida la New Musical Express la London lilichapa mahojiano na Mercury chini ya kichwa cha khabari kilichouliza, bila ya haya, iwapo mtu huyu ni mpumbavu. Miaka minane baadaye, tarehe 13 Julai 1985, Queen walipanda jukwaani katika uwanja wa Wembley kwenye tamasha la Live Aid, wakaimba kwa dakika kama 20, na kalamu nyingi zikageuka. Katika miaka yake ya mwisho, wapigapicha wa magazeti ya udaku walimvizia mlangoni wapate sura ya mgonjwa. Alipokufa, kurasa zikajaa majonzi. Gazeti la leo halimwambii msomaji wake lilisema nini jana. Anayeweza kumwambia ni yule mwenye daftari ambalo kejeli ya 1977 imebandikwa ukurasa mmoja, sifa za 1985 ukurasa wa pili, na maombolezo ya 1991 ukurasa wa tatu, kila moja na tarehe yake.

Faida hii ilidhihirika zaidi mwaka 2018, ilipotoka filamu iliyopewa jina la wimbo ule. Filamu hiyo ilipendwa, na mchezaji wake mkuu akatunukiwa tuzo ya Oscar mwaka 2019. Lakini inaonyesha kundi lililokuwa limesambaratika, likakutana tena kwa ajili ya Live Aid. Inaonyesha pia Mercury akiwaambia wenzake khabari za maradhi yake kabla ya tamasha hilo. Mamilioni ya watazamaji waliamini. Shabiki mzee mwenye kasha lake alifanya jambo moja tu: alilifungua. Humo mlikuwa na khabari za albamu ya “The Works” iliyotoka mwaka 1984. Mlikuwa na tiketi za maonyesho ya Japani ya Mei 1985, miezi miwili tu kabla ya Wembley. Kundi gani lililosambaratika hufanya ziara mpaka Osaka? Na maradhi yenyewe, kwa maelezo ya waliokuwa karibu naye, alithibitishiwa mnamo mwaka 1987, baada ya tamasha wala si kabla yake. Kipande cha tiketi, ambacho mke alitaka kukitia motoni, kilisimama dhidi ya filamu iliyogharimu mamilioni ya dola, na kipande kikashinda.

Kwa hiyo anayesema takataka na aseme takataka kwa nani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila khabari. Hawakusema mali ya fedha peke yake.

Shtaka la tatu linahitaji adabu, kwani linatoka kwa watu wenye kuiheshimu dini yao, na hofu yao si ya kuchezewa. Wanasema: mtu akizijaza kuta zake sura ya mwanadamu, akatunza kipande cha nguo yake, akakesha akisoma khabari zake, hilo limekaribia ibada. Tena wanaongeza: mtu mwenyewe maisha yake hayakuwa ya kuigwa. Mwaka 2006, ilipopangwa Unguja sherehe ya kutimia miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, palitokea upinzani wa kidini na sherehe ikafutwa.

Jawabu ni fupi: kuhifadhi si kusifu. Anayehifadhi hati ya hukumu hasifu kosa. Daktari anayeandika maradhi hayapendi maradhi. Mwanachuoni anayenakili maneno ya mpinzani wake ili ayajibu hakuwa mfuasi wa mpinzani huyo. Waliopinga sherehe ya 2006 walikuwa na hoja zao, na walioipanga walikuwa na zao. Lakini atakayekuja baada ya miaka mia, akataka kujua Zanzibar ya mwanzo wa karne ya 21 ilibishana nini na nafsi yake, atahitaji vipande vya magazeti vya pande zote mbili. Nani aliyeviweka? Kama hakuna mwenye mkasi, basi waliopinga nao watasahauliwa pamoja na waliopingwa, na kila mmoja atasimuliwa na wageni.

Hata hivyo haki haikamiliki kwa kumtetea shabiki peke yake. Wapo mashabiki ambao shtaka hili linawastahiki, nao si wachache. Hao ni wale wanaokata sifa na kuruka lawama. Mwezi wa Oktoba 1984, wakati ulimwengu ulipoitenga Afrika ya Kusini ya makaburu, Queen walikwenda kupiga muziki Sun City, katika Bophuthatswana, nchi ya bandia iliyoundwa na utawala wa ubaguzi wa rangi. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na majina yao yakaingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo huo. Kwa Mwafrika jambo hili si dogo, na kwa mwana wa kisiwa alichozaliwa Mercury ni zito zaidi. Je, kipande hicho kimo katika daftari la shabiki? Kama kimo, huyo ni mtunza khabari, na heshima yake ni wajibu. Kama alikiona akakigeuzia ukurasa, huyo ni kasuku mwenye mkasi, na wanaosema anaabudu hawakumsingizia. Ukipenda boga, penda na ua lake. Na ukilihifadhi boga, hifadhi na uozo wake.

Hapo ndipo ilipo mizani ya kumpimia shabiki. Haipimwi idadi ya madaftari wala bei ya vitu. Hupimwa uaminifu: je, ameandika jina la gazeti na tarehe? Je, ameweka la kupendeza na la kuudhi? Je, akiulizwa hufungua kasha, au hulifunga kwa kufuli ili awe yeye peke yake mwenye kujua? Mwenye kushinda katika hayo matatu ni mwanahistoria, hata kama hakumaliza darasa la nane.

Uko upande mwengine wa jambo hili ambao unahitaji kukemewa zaidi kuliko kejeli ya majirani, nao ni soko. Mwezi wa Septemba 2023, nyumba ya mnada ya Sotheby's ya London iliuza vitu vya Freddie Mercury vilivyokuwa katika nyumba yake ya Garden Lodge, ambavyo alimwachia rafiki yake Mary Austin. Vilikuwa mafungu zaidi ya 1,400. Piano yake iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7, rasimu za wimbo ule kwa zaidi ya pauni milioni 1.3, na jumla ya mauzo ikawa karibu pauni milioni 40. Mwenye mali alikuwa na haki ya kuuza, na sehemu ya fedha zilikwenda katika mifuko ya kupambana na UKIMWI. Hilo lisemwe kwa insafu. Kabla ya mnada vitu hivyo viliwekwa hadharani na watu wapatao 140,000 wakaenda kuviangalia bure, nalo lisemwe pia. Lakini kilichokuwa nyumba moja, chenye mpangilio wa mtu mmoja, kilitawanywa kwa usiku kadhaa kikaingia mikononi mwa wanunuzi wa nchi nyingi, na hakitarudi kuwa kimoja.

Katika mnada huo pana kitu kimoja ambacho mtu wa Zanzibar hawezi kukipita bila ya kusimama. Kiliuzwa mlango. Ulikuwa mlango wa bustani wa Garden Lodge, na haukuwa na nakshi wala misumari ya shaba kama milango ya Mji Mkongwe. Ulikuwa umeandikwa. Kwa miaka mingi mashabiki waliokwenda kuomboleza waliuandika kwa kalamu zao, majina yao na salamu zao, mstari juu ya mstari. Mlango huo uliuzwa kwa pauni 412,750. Kilichoupa thamani si mbao zake wala mkono wa Mercury. Ni mikono ya mashabiki wenyewe, wale wale wanaochekwa. Hawakupata hata senti moja, wala hawakuiomba. Wengi wao hata nauli ya kufikia pale waliikusanya kwa shida. Waliandika kwa mapenzi, na mapenzi yao yakapigwa nyundo mnadani.

Basi watofautishwe watu wawili ambao huitwa kwa jina moja la mkusanyaji. Mmoja huweka ili kitu kisipotee. Mwengine huweka ili kitu kipande bei. Wa kwanza hulia gazeti linapochanika kwa sababu khabari imechanika. Wa pili hulia kwa sababu bei imeshuka. Wa kwanza hukata gazeti, jambo ambalo mchuuzi huliona kuwa wazimu, maana gazeti zima lina bei kuliko kipande. Ni kweli, kipande kilichobandikwa kwa gundi katika daftari la skuli hakina soko. Hiyo ndiyo hifadhi yake. Hakuna mwizi wa kukiiba wala tajiri wa kukifungia katika kabati la chuma huko Geneva. Kilichobaki ni khabari tupu, na khabari ndiyo iliyokusudiwa.

Kufikia hapa msomaji mpenzi wa ushairi anaweza kuuliza: haya ya roki yanamhusu nini mtu wa nudhumu na nathari za Kiswahili? Yanamhusu kwa kila jambo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Tungo zake zilibaki vinywani, na vinywa hufa. Zimefika leo kwa sababu, miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua wa Mombasa alipita kwa wazee akizikusanya, akishirikiana na mmishionari W. E. Taylor aliyeziandika na kuzifafanua. Hichens akazichapa mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka. Mwalimu Sikujua alikuwa nani kama si shabiki? Alimpenda mshairi ambaye wakati wake ulikuwa umepita, akakusanya beti moja hapa na nusu beti kule, na bila ya shaka hawakukosekana wa kumcheka. Leo hakuna msomi wa ushairi wa Kiswahili asiyekula katika sahani yake. Na hati zile ziko wapi? Ziko London, katika chuo cha SOAS, mahali pakavu na salama. Ni neema na ni aibu kwa pamoja.

Siti binti Saad naye, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo katika sahani za santuri na sauti yake ikasikika mwambao mzima, alifariki mwaka 1950. Lau Shaaban Robert asingekaa kuandika wasifu wake, ni mangapi ya maisha yake yangejulikana kwa uhakika? Mwandishi mkubwa kuliko wote wa wakati wake hakuona haya kuwa shabiki wa mwimbaji.

Na magazeti je? Tangu lilipoanza Mambo Leo mwaka 1923, na baadaye magazeti mengine yenye kurasa za ushairi, washairi walijibizana gazetini wiki kwa wiki na mwezi kwa mwezi. Swali la huyu likajibiwa na yule, na wa tatu akaingia kati kuwasuluhisha kwa vina. Waliopata bahati ya kuchapa diwani ni wachache, kama Amri Abedi na Saadani Kandoro. Wengine walitegemea gazeti peke yake. Gazeti likishasomwa lilikuwa na safari yake: lilifungia karanga, lilifungia samaki, lilipigia pasi, likawashia jiko. Shairi la mtu aliyelikesha usiku kucha liliishia katika pakti ya karanga za senti kumi, na mlaji akaifinyanga pakti akaitupa mtaroni. Kila mshairi wa gazeti aliyesahauliwa leo amesahauliwa kwa sababu hapakuwa na shabiki mwenye mkasi karibu na jiko lile.

Ndiyo maana kejeli ya msomi wa Pwani kwa shabiki wa roki ni jambo la kusikitisha zaidi kuliko la kukasirisha. Anamcheka mtu aliyefanya kwa mwimba roki wa Kizungu kazi ambayo yeye, pamoja na shahada zake, hakuifanya kwa mshairi wa mtaa wake. Katika Mji Mkongwe zaidi ya nyumba moja imewahi kutajwa kuwa ndiyo aliyokaa Farrokh Bulsara, na wageni huonyeshwa hii leo na ile kesho. Mwaka 2019 yalifunguliwa makumbusho yake Shangani, na waliokwenda kutafuta picha na karatasi za kuyajaza walilazimika kutazama Uingereza. Kama ndivyo ilivyo kwa mtu ambaye dunia nzima inamjua, ikoje kwa mpiga fidla wa taarabu aliyekufa Ng'ambo bila ya picha gazetini?

Watakuja wa kusema kwamba zama za mkasi zimekwisha, kwani kila kitu kimo katika intaneti. Hawa wapewe kazi moja tu: watafute humo shairi lililochapwa katika gazeti la Kiswahili la mwaka 1958. Yaliyomo humo ni yale ambayo mtu alikaa akayatia, na mtu hutia alichokuwa nacho. Asiyeweka karatasi hana cha kutia. Tena kurasa za intaneti zenyewe hufutika. Mwenye nayo akishindwa kulipia, au akichoka, asubuhi moja haipo, wala haachi hata jivu. Karatasi iliyofia katika sanduku hufa polepole, na mara nyingi humngoja mjukuu.

Lakini karatasi nayo ina maradhi yake, khasa kwenye hewa ya bahari, na mapenzi bila ya maarifa hayaiponyi. Karatasi ya gazeti hubakiwa na uchafu wa mti ambao, ukipigwa na mwanga na hewa, huzaa asidi. Ndiyo ikawa manjano, ikavunjika kama jani kavu. Selotepu huiacha na doa la kahawia lisilotoka. Pini hushika kutu na kuila. Basi anayeweka na aandike jina la gazeti na tarehe kwa penseli. Apige fotokopi juu ya karatasi nzuri, aweke mahali pakavu palipo juu ya sakafu, mbali na ukuta unaotoa maji, na alifungue kasha mara kwa mara kutazama mchwa. Taasisi za nyaraka za visiwani zikipelekewa makasha hayo ziyapokee bila ya kuuliza kama ni ya taarabu, ya dansi au ya roki. Na wasimamizi wa kurasa za ushairi wawaagize wasomaji wao wakate, kwa maneno hayo hayo yaliyo wazi: kata, weka, andika tarehe.

Yapo ya mwisho, nayo ni ya aila. Makasha mengi hayamalizwi na mchwa wala na mvua. Humalizwa wiki ya kwanza baada ya matanga, pale chumba kinapohitajiwa na vijana wanapoambiwa wakitoe kila kisicho na faida. Nguo hugaiwa, kitanda hugombaniwa, redio huchukuliwa na wa kwanza kuiona. Madaftari hutolewa nje, hurundikwa chini ya mwembe, huwashwa moto. Kazi ya miaka arubaini huteketea kwa muda wa kuchemsha birika la chai. Shabiki aliye hai asingoje siku hiyo. Na aandike katika wasia wake, kwa maneno machache, kasha lile liende kwa nani. Na aila, kabla ya kuwasha kibiriti, iulize kwanza mtu mmoja anayejua kusoma tarehe.

Siku hiyo ndiyo itakayojulisha nani alikuwa mtoto na nani alikuwa mtu mzima. Aliyecheka hataacha kitu cha kuonyesha kwamba alicheka. Aliyekata ataacha kasha, na ndani yake, pamoja na khabari za mwimbaji wake, mtakuwa na upande wa pili wa kila kipande: tangazo la sinema, bei ya mchele, salamu za rambirambi, na pengine beti tatu za shairi la mtu asiyejulikana, ambalo mkasi haukulikusudia, nalo likaokoka.